Mwana Mtu Mzima Anapougua Akili: Mambo ya Kupanga Siku Ametulia

Magonjwa mazito ya akili, na hasa skizofrenia, ule ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii au ashuku watu bila sababu, mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana au mtu akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, yaani wakati ule ule ambapo mzazi alitarajia kijana aanze kujitegemea. Mgonjwa huyu ni mtu mzima mwenye haki ya kuamua mambo yake, ilhali ugonjwa ukipanda unaweza kumzuia asitambue kwamba anaumwa. Kwa sababu hiyo nawasihi wazazi wenzangu wa Dodoma waifanye kazi kubwa katika miezi ambayo mwana ametulia, kwani usiku anapofoka na kutaka kutoka nje hakuna linalopangika.

Keti naye jioni moja baada ya chakula, bila wageni, umuulize: “Mwanangu, ukianza kuzidiwa, ungependa nimwite nani?” Wengi wana jibu lao tayari. Mmoja atamtaja mjomba anayemwamini, mwingine ataomba majirani wasiitwe kumkamata. Muulize pia dawa ipi ilimsumbua, nani amtunzie fedha akiwa hajiwezi, na ni mambo gani humtokea kabla hajazidiwa. Andikeni majibu hayo, naye abaki na nakala, kwa kuwa ni rahisi zaidi kwake kukubali mpango aliouweka mwenyewe kuliko amri ya mama au baba.

Dalili za mwanzo zinahitaji daftari. Andika kwa ufupi ulichokiona, si ulichokihisi: “Jumanne: hakulala mpaka alfajiri. Hakugusa mlenda, alisema una harufu ya dawa. Amezima simu.” Mistari kama hiyo humfaa daktari kuliko kumwambia kwamba kijana amebadilika. Usingizi ukipungua kwa siku kadhaa mfululizo, akaacha kuoga au akaanza kushuku chakula, msisubiri tarehe ya kliniki.

Suala la dawa ndilo linalovunja nyumba nyingi. Dawa za kutuliza sauti na shaka huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili, na mgonjwa anapopata nafuu huona hazina kazi tena, akaziacha, kisha ugonjwa ukarudi. Baadhi yake huleta kutetemeka, mate kutoka au mwili kukakamaa. Shingo ikipinda au macho yakikwama juu, mpeleke kituo cha afya mara moja, kwa maana tiba yake ipo. Usimlazimishe kuvumilia kimya kimya, na usimfichie dawa kwenye ugali au chai: mtu ambaye tayari anadhani anawekewa sumu, siku atakapogundua, hatamwamini tena mpishi wala daktari. Akichoshwa na vidonge, ulizeni kuhusu sindano inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa.

Kwa walio vijijini, upande wa Mpwapwa, Kondoa au Chamwino, ombeni kuelekezwa kituo cha karibu kinachotoa dawa hizo, kisha hakikisheni akiba ipo kabla ya Desemba. Mvua zikianza makorongo hujaa, shamba nalo hudai kila mkono, na tarehe ya kliniki ndiyo husahaulika kwanza.

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma iliyoanza mwaka 1927, imezungukwa na hofu nyingi. Katika mji wetu jina lake hutumiwa kama tusi, na wapo wazazi wanaochelewesha matibabu ili wasionekane getini. Wengine huichanganya na Isanga, sehemu inayohusika na wagonjwa wenye kesi za jinai. Mwana wako anapopelekwa kutibiwa Mirembe hawi mhalifu, na kumfungia chumbani au kumfunga kamba ili majirani wasijue ni kumwongezea mateso. Wenye kutaka maombi wamwombee, ila asitokee mtu wa kumwachisha dawa.

Anaposikia sauti, usibishane naye wala usijifanye unazisikia. Mwambie: “Najua wewe unazisikia. Mimi sizisikii. Zinakutisha?” Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Ondoa sumu za shambani, kamba na akiba ya dawa, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akitishia watu, watoto watolewe nyumbani kwanza, kisha mwite yule mliyekubaliana naye pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Akikataa kabisa kwenda, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mgonjwa asiyekubali. Ulizeni mapema kwa afisa ustawi wa jamii jinsi unavyofuatwa, mkiwa na utulivu.

Masharti ya nyumba yawe machache na ya haki: asivute bangi, ambayo huchochea ugonjwa huu, wala asilewe, wala asimpige mtu. Mengine mwachieni. Ashike dawa zake mwenyewe anapoweza, achunge mbuzi, apukuchue karanga, apate ujira wake kama wengine.

Na wewe mzazi, malezi yako hayakuleta ugonjwa huu. Lala. Weka zamu na ndugu zake, mmoja ampeleke kliniki, mwingine alale nyumbani usiku mbaya. Waite wote kabla hujazeeka, mkiwa pamoja naye, mkubaliane nani ataishi naye utakapokuwa haupo, shamba lipi au chumba kipi ni chake, na nani atashika kadi ya kliniki. Makubaliano hayo yaandikwe na kushuhudiwa, naye aulizwe wa kwanza kama anayataka.