Jinsi ya kufuatilia jina "Kiebrania" limetoka wapi

Ukitaka kujua hili jina limeanzaje usikimbilie kamusi, fungua Biblia alafu tafuta lugha yenyewe inaitwaje mle ndani. Hapa wengi wanashangaa, maana Agano la Kale haliiti ile lugha Kiebrania hata mara moja. Soma 2 Wafalme 18:26 au Nehemia 13:24, inaitwa ya Kiyahudi, na Isaya 19:18 ni lugha ya Kanaani.

Sasa tafuta Mwebrania. Hilo lipo, ila ni la mtu sio lugha, na wa kwanza kuitwa ivo ni Abramu, Mwanzo 14:13. Kazi inaanzia hapo. Kuna wanaosema ni ukoo tu, rudi Mwanzo 10:21 utamkuta Eberi, babu wa mbali wa Abramu, bas Mwebrania ni mtu wa Eberi. Wengine wanashika mzizi, herufi tatu za Kiebrania ain, bet na resh, ambao unahusu kuvuka, alafu wanakupeleka Yoshua 24:2 inayosema mababu walikaa ng'ambo ya Mto, yaani Frati, kwa iyo ni mtu wa kutoka ng'ambo, na wale waliotafsiri Torati kwa Kigiriki kabla ya Kristo walienda na hii, pale kwa Abramu wakaweka neno la mtu aliyevuka. Mi sioni haja ya kugombana, jina Eberi lenyewe lina mzizi uleule.

Utakutana pia na Habiru, jina linalokaribiana na Mwebrania, watu wanaotajwa kwenye barua za Amarna, yaani barua za kale za wafalme zilizopatikana kule Misri, karne ya 14 KK. Inavutia ila usiifanye jibu, wale wanaonekana zaidi kama tabaka la watu wasio na makao kuliko kabila moja, na wataalamu bado wanabishana.

Jina la mtu likahamia kwenye lugha baadaye. Angalia utangulizi wa kitabu cha Yoshua bin Sira, kitabu cha hekima cha Kiyahudi, karne ya 2 KK, mjukuu wake anasema maneno ya Kiebrania yakihamishiwa lugha nyingine hayabaki na nguvu ileile.

Ukifika Agano Jipya punguza spidi. Yohana 19 inasema Gabatha na Golgotha ni Kiebrania, kumbe yana umbo la Kiaramu, lugha ndugu ya Kiebrania, jina lilishakuwa la chochote walichoongea Wayahudi. Kwa iyo kila ukiona "kwa Kiebrania" kwenye Injili, kagua kwanza neno linalofuata.