Somo: Misingi ya uoni wa mashine na picha za kidijitali, kutoka mwanga hadi kingo

Kompyuta haioni ua, uso wala barabara. Inapokea jedwali la namba, na kila kinachoitwa uoni wa mashine ni hesabu inayofanywa juu ya jedwali hilo. Somo hili linafuata namba hizo hatua kwa hatua, na katika kila hatua tutajiuliza swali moja: ni taarifa gani tunayoipoteza hapa? Nalisisitiza swali hili kwa sababu taarifa iliyopotea mwanzoni hairudishwi na algoriti (mfuatano wa hatua za hesabu) yoyote inayofuata, hata iwe ya ustadi kiasi gani.

Hatua ya 1: Kunasa mwanga

Lenzi hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye kihisi, yaani kipande cha silikoni chenye mamilioni ya vituo vidogo vinavyougeuza mwanga kuwa chaji ya umeme. Chaji hiyo hupimwa na kuandikwa kama namba. Kituo kimoja hupima wingi wa mwanga tu, bila kutambua rangi. Kwa hiyo katika kamera nyingi kila kituo hufunikwa kwa kichujio kidogo cha rangi moja. Mpangilio unaotumika zaidi ni ule wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, ambamo nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya bluu.

Matokeo yake yanastahili kufikiriwa kwa makini. Picha ya rangi ina namba tatu kwa kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, lakini katika kamera ya aina hii ni namba moja tu kati ya hizo iliyopimwa kweli. Mbili zilizobaki zimekadiriwa kutokana na pikseli jirani. Theluthi mbili za namba tunazoziita rangi ni makadirio, na ndiyo maana vitambaa vyenye mistari myembamba sana wakati mwingine huonekana na rangi ambazo havina.

Mwanga nao una mipaka yake. Ukizidi, kituo hujaa na kuandika thamani ya juu kabisa, na maelezo yote ya eneo hilo hupotea. Ukipungua mno, namba halisi humezwa na chenga, yaani mabadiliko ya nasibu yasiyotokana na kitu kilichopigwa picha. Kwa maoni yangu, saa moja ya kupanga taa vizuri ina faida kuliko siku nzima ya kurekebisha programu.

Hatua ya 2: Kulielewa jedwali

Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake nchini Marekani waliingiza picha kwenye kompyuta kwa skana, ikiwa na pikseli 176 kwa 176, yaani pikseli 30,976 kwa jumla. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kwa kuwa kila pikseli ya rangi huchukua baiti tatu, inahitaji baiti 6,220,800 kabla ya kubanwa. Baiti moja ina biti 8, hivyo hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255.

Kuhesabu huanzia pembe ya juu kushoto, na namba ya mstari huongezeka kadiri unavyoshuka, kinyume na grafu za hisabati.

Hatua ya 3: Kugeuza rangi kuwa kijivu

Kazi nyingi hazihitaji rangi, kwa hiyo tunazichanganya namba tatu kuwa moja. Kanuni inayotumika sana huzidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na bluu kwa 0.114, kisha hujumlisha, kwa sababu jicho la binadamu huathiriwa zaidi na kijani.

Sasa chukua nyekundu tupu yenye thamani 255 na kijani tupu yenye thamani 130. Zote mbili hutoa kijivu cha 76. Tunda jekundu lililo juu ya jani la kijani cha namna hiyo litatoweka kabisa kwenye picha ya kijivu, ingawa kwa macho yako tofauti ni dhahiri. Ikiwa rangi ndiyo inayokitofautisha kitu unachokitafuta, usiitupe.

Hatua ya 4: Kupunguza chenga

Tazama pikseli tisa zilizo jirani: 50, 52, 51, 49, 255, 50, 53, 51 na 52. Hiyo 255 ni chenga. Wastani wa namba hizi unakaribia 74, thamani ambayo haifanani na pikseli yoyote kati ya hizo. Ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati unapata 51, ambayo inalingana na majirani zake. Kwa chenga za madoa, chagua ya katikati. Hata hivyo, ukiyatumia madirisha makubwa, yaani ukichukua majirani wengi kwa mara moja, mistari myembamba itafutika pamoja na chenga.

Hatua ya 5: Kutafuta kingo

Ukingo ni mahali ambapo namba hubadilika ghafla. Kichujio cha Sobel, ambacho hapa ni hesabu na si kichujio cha rangi, huchukua mraba wa pikseli 3 kwa 3 na kupunguza thamani za safuwima ya kushoto kutoka za safuwima ya kulia, na mstari wa kati hupewa uzito maradufu. Kushoto kukiwa na 20 na kulia 180 katika mistari yote mitatu, jibu ni 160 mara 4 (1 + 2 + 1), yaani 640. Namba hiyo haitoshi ndani ya baiti moja, na kama pande hizo mbili zingebadilishana, ingekuwa hasi. Hifadhi matokeo kwa aina ya namba iliyo pana na inayokubali hasi.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, nimeongeza mwangaza wa picha kwa 100, lakini sehemu zilizokuwa nyeupe zimekuwa nyeusi. Kwa nini?

Jibu: Baiti imefurika. Thamani 200 ukiiongezea 100 ni 300, na baiti ikishapita 255 huanza upya kutoka 0, hivyo unapata 44. Geuza namba kuwa za aina pana kwanza, jumlisha, kisha zilizozidi 255 zifanye 255.

Swali: Ndugu mwalimu, nyuso katika picha zangu zinatokea za bluu, ilhali faili lenyewe ni zima.

Jibu: Mpangilio wa rangi umegeuka. Maktaba ya OpenCV, yaani mkusanyo wa programu za kushughulikia picha, husoma picha kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, huku maktaba nyingine nyingi zikitarajia nyekundu itangulie. Badilisha mpangilio kabla ya kuonyesha.

Swali: Je, ninaweza kuikuza picha ndogo ili nisome maandishi yasiyosomeka?

Jibu: Kukuza huongeza pikseli, hakuongezi vipimo. Programu zinazotumia mitandao ya neva, yaani hesabu zinazojifunza kutokana na mifano, zinaweza kuchora herufi zinazopendeza, lakini herufi hizo ni makisio, wala hazifai kuwa ushahidi.

Swali: Kwa kuwa mitandao ya neva hujifunza yenyewe, bado tuna haja ya haya yote?

Jibu: Tunayo. Mitandao ya aina inayotumika sana kwa picha hufanya hesabu ya vichujio kama ile ya Sobel. Tofauti ni kwamba uzito wake hupatikana kutokana na mifano badala ya kuandikwa na mtu. Zaidi ya hayo, picha hupunguzwa kabla ya kuingia, mara nyingi hadi 224 kwa 224. Kitu chenye upana wa pikseli 10 katika picha yenye upana wa 1920 kitabaki na pikseli moja na kidogo, na mtandao hautakitambua hata ukiufunza kwa muda mrefu. Katika hali hiyo, kata picha kubwa vipande vipande, kisha upitishe kila kipande kwa ukubwa wake halisi.