Jinsi ya kulielewa neno masokizimu kabla hujambandika mtu

Siku hizi hili neno limezagaa, ukikaa saluni Sinza au kijiweni Mbagala utasikia fulani kaitwa masokisti, na mara nyingi anayebandikwa siye kabisa, inaniuma ndo maana nimeona tuelekezane.

Kwanza shika maana. Masokizimu ni mtu kusisimka kimapenzi kwa kuumizwa, kufungwa au kudhalilishwa, na mwenyewe ndo kataka. Hapo kwenye kutaka usipaache, maana ukiondoa ridhaa kinachobaki ni kipigo tu.

Asili yake usiihangaikie kwenye Kilatini, ni jina la mtu. Leopold von Sacher-Masoch, kazaliwa 1836 Lemberg, mji ambao leo ni Lviv kule Ukraine ila enzi hizo ulikuwa chini ya milki ya Austria. Alikuwa mwandishi, 1870 akatoa riwaya ya Venus im Pelz, humo kuna jamaa anaitwa Severin anambembeleza mwanamke, Wanda, amfanye mtumwa wake, wanasaini mpaka mkataba, bibie anavaa makoti ya manyoya na kumchapa mijeledi. Na haikuwa ya kutunga tu, mwaka mmoja kabla Masoch mwenyewe alisaini mkataba wa aina hiyo na Fanny Pistor, miezi sita awe mtumwa wake! Baadaye, 1890, daktari wa akili Richard von Krafft-Ebing akachukua jina lake akaiita hali hiyo, wakati mwenyewe yuko hai, alifariki 1895, na hakupendezwa hata kidogo. Hebu fikiria jina la ukoo wenu ndo liwe jina la ugonjwa.

Usichanganye na sadizimu, hiyo inatokana na Marquis de Sade wa Ufaransa na ni kufurahia kumuumiza mwenzio. Sigmund Freud naye, yule daktari wa Austria aliyechunguza akili za watu, 1924 akalipanua neno, akasema kuna wanaojitafutia mateso kwa hatia iliyowakaa moyoni.

Na si kila mwenye hali hii ni mgonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule wa 2013, unasema mpaka imtese mwenyewe au imvurugie maisha.

Sasa kabla hujamwita mtu hivyo jiulize, je akisema basi, inaisha? Maana pale saluni utasikia "yule dada anapigwa kila mwisho wa mwezi na haondoki, si anapenda huyo", jamani hapendi, kodi analipa mume, watoto wako shule, akirudi kwao anaambiwa vumilia mwanangu ndoa ndo zilivyo. Hata Marekani 1987 madaktari waliweka kwenye kiambatisho cha mwongozo wao ugonjwa wa watu eti wanaojitakia mateso, wanawake wakapinga vikali kwamba wanaopigwa ndo watabebeshwa lawama, na toleo la 1994 likauondoa.

Dada kama huyo achana na hilo neno, msindikize dawati la jinsia pale polisi, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali, na kama una chumba mpe alale hata siku mbili.