Kabla ya kufungua stata: mambo ya kuzingatia gari la spoti la zamani linapokataa kuwaka

Stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, hung'olewa ikiwa nzima mara nyingi mno. Mwenye gari anageuza ufunguo, kimya; stata mpya inanunuliwa, inafungwa, gari linawaka, kisha baada ya muda mfupi tatizo linarudi lilelile. Kilichosaidia siku ile ni nati za kebo kufunguliwa na kukazwa upya, wala si stata. Katika gari lenye miaka thelathini au hamsini, viungo vya waya huchoka kabla ya vifaa vyenyewe. Ndiyo maana ninasisitiza kupima kwanza.

Anza kwa kusikiliza, na andika ulichosikia, kwa sababu ukishashikashika waya dalili hubadilika. Kimya kabisa huku taa za mbele zikiwaka vizuri maana yake amri ya kuwasha haifiki kwenye solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata: chunguza swichi ya ufunguo, swichi ya klachi kama gari linayo, na kengele ya wizi iliyofungwa na mwenye gari wa zamani. Mlio wa "ta" moja nzito unaonyesha solenoidi imevuta lakini mota haikuzunguka. Mlio wa "ta-ta-ta-ta" wa haraka ni wa volti zinazoporomoka kila solenoidi inapovuta, na hapo mshukiwa ni betri au vibano vyake. Ukisikia stata inavuma peke yake na injini haizunguki, gia yake ndogo haijashika flaiwili, gurudumu lenye meno nyuma ya injini. Hilo si la waya. Injini inayozunguka vizuri bila kushika, yaani bila kuwaka, ni suala jingine, nitalifikia.

Kabla ya kugusa chochote weka gia nyutro, vuta breki ya mkono na uzibe magurudumu. Vua pete na saa. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na kabureta za zamani huvuja petroli, kwa hiyo fanyia kazi mahali penye hewa na kizima moto kiwe karibu. Hakikisha pia upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, MGB za mwanzo zikiwemo, yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea leo. Kuazima moto (kuwasha kwa betri ya gari jingine) kwa mazoea kwenye gari la aina hiyo kunaweza kuunguza vifaa, na gari lenye alteneta hupoteza dayodi zake papo hapo betri ikigeuzwa. Tafuta mchoro wa waya wa mwaka hasa wa gari lako. Mwaka mmoja nyuma au mbele unatosha kukupoteza.

Betri ichajiwe ijae, ipumzike saa chache, ndipo ipimwe. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, na 12.0 ni tupu kwa shughuli hii. Usiishie hapo. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imetulia na kuanguka mara tu stata inapoomba mkondo. Mtu apige stata huku wewe ukisoma mita: zikishuka chini ya volti 9.6 hivi katika hali ya joto la kawaida, betri haifai, au stata inanyonya kupita kiasi.

Sasa kebo, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi zaidi. Watu hupima kebo kwa omu, mita inasoma karibu na sifuri, wanaridhika. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu mita hupitisha mkondo mdogo sana, ilhali stata huvuta ampea mia moja hadi mia mbili. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 zinapotea na kugeuka joto. Viungo viwili vya namna hiyo vinatosha kuinyima stata nguvu, hata betri ikiwa mpya.

Pima volti zinazopotea wakati stata inafanya kazi. Kwanza zuia injini isiwake kwa kuchomoa waya mwembamba wa koili ya cheche. Usiache waya mnene wa plagi ukining'inia, kwani unaweza kuua moduli ya kielektroniki. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, si kwenye kibano, na nyingine kwenye boliti kubwa la stata, upande wa kebo ya betri. Piga stata sekunde chache. Isizidi nusu volti. Kisha rudia upande wa ethi: kichwa cha betri kinachoenda kwenye bodi hadi kwenye chuma kitupu cha injini, isizidi 0.3. Ikizidi, sogeza ncha kiungo baada ya kiungo mpaka uikute hasara ilipo. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, iache ipoe.

Upande wa ethi husahaulika kuliko wote. Injini hukaa juu ya mauntingi za raba, na raba haipitishi umeme, kwa hiyo kuna mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha injini na bodi. Injini ikifanyiwa ukarabati, mkanda huo hufungwa juu ya rangi mpya, au husahaulika kabisa. Mkondo hutafuta njia nyingine: kebo ya choki au ya akseleta ikipata moto wakati wa kupiga stata, umeshapata jibu. Na kwa kuwa magari haya mara nyingi huweka betri nyuma ili kusawazisha uzito, kama Mazda MX-5 ya kwanza kwenye buti au MGB nyuma ya viti, kebo ni ndefu na kutu hujificha chini ya zulia.

Gari linalowaka likiwa baridi na kukataa likiwa limetoka safari lina kisa chake. Stata hukaa karibu na ekzosi. Ukinzani wa shaba huongezeka takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, hivyo joto likipanda nyuzi 60, koili ya solenoidi inakuwa na ukinzani wa karibu robo zaidi na huvuta kwa nguvu ndogo. Pima waya mwembamba wa solenoidi (katika magari ya Kijerumani una namba 50) wakati ufunguo umegeuzwa. Ukikuta volti chache mno kuliko za betri, swichi ya ufunguo imechoka. Kufunga rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, kutaipunguzia swichi ya ufunguo mzigo huo.

Injini ikizunguka bila kushika, angalia cheche na mafuta. Dalili moja inafaa kukaririwa: injini inashika ufunguo ukiwa umegeuzwa, kisha inazima ukiuachia. Katika mifumo yenye resista (kipunguza mkondo) ya koili ya cheche, hiyo ni resista iliyokatika, kwa sababu wakati wa kuwasha koili hulishwa moja kwa moja bila kuipitia. Mwenye Porsche 944 abebe rilei ya DME ya akiba. Ndiyo inayolisha pampu ya mafuta na kompyuta ya injini, na solda zake hupasuka ndani.

Vipimo vyote vikiwa sawa, volti za kutosha zinafika kwenye stata na ethi ni safi, na bado haizunguki, basi sasa ni zamu yake. Kuigonga kwa mpini wa mbao huamsha brashi za kaboni zilizokwisha, lakini ni kwa ajili ya kufika nyumbani tu. Fungua kwanza kebo ya betri inayoenda kwenye bodi, kwa sababu kebo nene ya stata katika magari mengi ya zamani haina fyuzi, na spana ikigusa bodi hakuna kitakachoukata mkondo. Vipande vyembamba vya bati ukivikuta kati ya stata na injini, virudishe mahali pake. Ndivyo vinavyopanga meno ya gia yashikane sawasawa.