Vali ya tangi la choo ikivuja kwenye gari-nyumba

Kwa mnaozunguka Marekani na gari-nyumba: ukifungua kifuniko cha bomba la kumwagia maji machafu yakakurukia miguuni, usikimbilie kununua vali mpya. Mara nyingi ni karatasi ya chooni tu, imenasa kwenye mfuo linamoteleza bamba la vali, basi bamba halifungi hadi mwisho. Mwaga tangi lote kwenye kituo cha kumwagia maji machafu, lisuuze kwa maji mengi, huku ukivuta na kusukuma mpini wa vali mara kadhaa. Bado inavuja? Mipira ya kuzibia ndani ya vali imechoka. Tangi likiwa tupu, fungua boliti 4 za vali, weka mipira 2 mipya na grisi ya silikoni. Mimi niliongeza vali ya pili ya inchi 3 mwishoni mwa bomba. Na glavu, jamani!