Jinsi ya kuongoza timu ya kulinda maji ya hifadhi: mfano wa Ruaha Mkuu

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa timu ya serikali na kuambiwa, "Hakikisha mto unafika hifadhini una maji." Iwe umeajiriwa na bodi ya maji ya bonde au na hifadhi yenyewe, kazi ni ileile. Natumia mto Ruaha Mkuu wa Tanzania kwa sababu huko kila kitu kiko wazi. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kiangazi cha mwaka 1993, na hali hiyo imekuwa ikijirudia tangu hapo. Chanzo kikubwa hakiko hifadhini. Kiko juu, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, ambako mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hunyonywa kabla maji hayajafika ardhioevu ya Ihefu, inayoulisha mto kabla haujaingia hifadhini.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi kwenye foleni

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji ni ya umma, Rais akiyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kisha inapanga nani ahudumiwe kwanza: matumizi ya nyumbani, halafu maji ya kutunza mazingira, halafu ndipo shughuli za uchumi kama kilimo na umeme. Wewe ni wa pili. Mwenye shamba atakayekuja mezani na kibali chake amekikunja vizuri kwenye bahasha ni wa tatu, na wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Mwanamke anayechota ndoo mferejini anakutangulia wewe na huyo mwenye shamba. Usimsahau, nitamrudia.

Ongeza na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hizo mbili zinakutosha kuanzia. Na ukikuta hati za zamani za haki ya maji zilizotolewa chini ya sheria ya mwaka 1974, zipeleke kwa mwanasheria kabla hujazizungumzia hadharani.

Hatua ya 2: Panga watu, anza na msoma geji

Kila mtu ataomba wahandisi. Waombe, ndiyo, pamoja na fundi wa haidrolojia (upimaji wa maji ya mito), mtu wa ramani, afisa maendeleo ya jamii na mwanasheria wa kupigia simu. Lakini data yako yote inategemea mwanakijiji anayeshuka mtoni kila siku kusoma ubao wa kina na kuandika kwenye daftari kwa posho ndogo. Posho hiyo ikichelewa miezi, utaletewa namba za kubuni, na mahakamani namba za kubuni zitakuumiza kuliko kukosa namba kabisa.

Namna ya kuzitambua: kagua daftari lenyewe, siyo nakala iliyochapwa kwenye kompyuta. Daftari la kweli lina madoa ya tope, wino unabadilika, kuna siku imeachwa wazi. La kubuni lina kalamu moja mwezi mzima, na kina hakipandi hata wiki ambayo kituo cha mvua cha jirani kimejaa. Ukilikuta hivyo, usianze na ukali. Muulize kwanza lini alilipwa mara ya mwisho.

Hatua ya 3: Tembelea kila banio

Usiamini orodha ya vibali iliyoko ofisini. Tembea na mto kutoka juu kwenda chini, na kila banio (kizuizi kinachogeuzia maji ya mto mferejini) liandike: mahali lilipo, mwenye kibali ni nani, kibali kinasema lita ngapi kwa sekunde, lango lipo au halipo, kifaa cha kupimia kipo na kinasomeka? Utakuta mabanio yasiyo na kibali, na vibali visivyo na banio.

Angalia sana aina ya banio. La kienyeji, la miti, mawe na majani, huvuja. Hata likikatiza mto mzima, kuna maji yanapenya kwenda chini. La zege lenye lango la chuma halivuji. Miradi ya kuboresha mabanio Usangu iliwapunguzia wakulima kazi kubwa ya kujenga upya kila mwaka, na hilo ni jema, lakini iliwapa pia uwezo wa kuuchukua mto wote wa kiangazi kwa kuzungusha gurudumu moja. Kwa hiyo nikikabidhiwa timu yenye gari moja, linakwenda kwanza kwenye mabanio ya zege ya skimu (miradi ya umwagiliaji) kubwa. Kuanza na mkulima wa nusu ekari kwa sababu ndiye rahisi kukamatika ni uvivu, na kijiji kizima kitakufungia midomo.

Jambo jingine: kibali mara nyingi kina namba moja ya lita, wakati mto wa Machi si mto wa Oktoba. Skimu inaweza kuwa ndani ya kibali chake na bado ikameza kila kilichopo. Weka alama kwenye vibali vya namna hiyo. Vibali hivyo ndivyo utakavyopeleka bodi vikarekebishwe viwe na kiwango cha kiangazi, au mgawo wa sehemu ya mtiririko badala ya lita zisizobadilika.

Hatua ya 4: Pima

Kama una mita ya kupimia kasi ya maji, gawanya upana wa mto vipande, na kila kipande pima kasi kwenye 0.6 ya kina kutoka juu. Maji yakiwa na kina kirefu, pima kwenye 0.2 na kwenye 0.8 ya kina, kisha tafuta wastani.

Kama mita iko matengenezo (na mara nyingi iko matengenezo), mferejini unaweza kutumia chupa ya plastiki iliyojazwa maji nusu. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10. Idondoshe chupa juu kidogo ya mstari wa kuanzia, hesabu sekunde, rudia mara kadhaa. Tuseme wastani ni sekunde 20: kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.425. Mfereji una upana wa mita 2 na kina cha wastani cha mita 0.4, yaani eneo la mita 0.8 za mraba. Zidisha: mita za ujazo 0.34, au lita 340 kwa sekunde. Kibali kinasema 200? Hapo una mazungumzo. Lakini njia hii ni ya kukuonyesha pa kwenda na mita, siyo ya kumpeleka mtu mahakamani.

Ndani ya hifadhi, kituo cha Msembe ndicho kinachokuambia kilichofika. Mafuriko yakishahamisha mchanga, ubao uleule hautamaanishi tena mtiririko uleule, kwa hiyo rudia vipimo kila masika yakiisha. Na usiingize mtu majini bila askari wa hifadhi. Kiangazi viboko hubanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, na hawana subira.

Hatua ya 5: Kaeni kabla maji hayajapungua

Kikao cha mgawo kifanyike Mei, maji yakiwa bado yanaonekana, kupitia jumuiya za watumia maji. Ukisubiri Septemba utakuta watu wameshika majembe, na si kwa ajili ya kulima.

Kabla ya kudai lango lolote lifungwe, uliza kijiji kinachota wapi. Sehemu kubwa ya mifereji ya Usangu hubaki wazi kiangazi kwa sababu ndiyo bomba la kijiji: maji yanasafiri kilomita kadhaa, mengi yanazama ardhini, ili kaya zijaze ndoo. Ukilifunga umevunja foleni ya sheria unayoitetea. Dawa yake ni kisima au bomba, na hilo ni ombi la kupeleka RUWASA (wakala wa maji vijijini) na halmashauri mapema. Kisima kimoja kinachofanya kazi kinakurudishia mtoni maji mengi kuliko doria ya mwezi.

Mkishakubaliana, andikeni zamu: lango lipi, siku zipi, limefunguliwa kiasi gani, nani anashika ufunguo. Viongozi wa jumuiya wasaini.

Hatua ya 6: Mkaidi

Kwa asiyefuata zamu, kusanya ushahidi kwanza: picha inayoonyesha lango na ubao wa kina kwa pamoja, tarehe, kipimo kilichochukuliwa kwa mita, majina ya waliokuwepo. Kisha notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, nakala kwa jumuiya. Asiporekebisha, bodi iendelee na kibali chake au na mashtaka. Polisi ni wa mwisho.

Simu ya kumtetea itakuja, hasa akiwa mkubwa. Jibu lako ni karatasi ya wiki: jedwali la mabanio yote, kibali, kilichopimwa, na kilichofika Msembe. Itume kila Jumatatu ya kiangazi kwa mkuu wa wilaya, na nakala ibandikwe kwenye ofisi za vijiji, skimu kubwa na mfereji wa kienyeji vikiwa kwenye ukurasa mmoja.