Pesa zihesabiwe kwa senti
Ukiandika programu ya mauzo, tuseme ya muuza samaki wa hapa Lamu anayepima changu kwa gramu, usihifadhi bei katika aina ya float (namba yenye nukta ya desimali), kwa kuwa kompyuta hutumia tarakimu 0 na 1 tu, na kwa hizo sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu. Katika lugha ya programu ya Python, 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Mimi huhifadhi senti kama namba kamili: shilingi 450.75 huwa 45075, nami hugawanya kwa 100 wakati wa kuchapa risiti. Panapohitajika desimali, kama kwenye kodi, tumia aina ya Python iitwayo Decimal, inayohesabu kwa makumi kama sisi, mfano Decimal("0.1"), alama za kunukuu zisisahaulike (mimi zilinikesheza), maana Decimal(0.1) hulibeba kosa lilelile la float.